Safari ya komwe: siku kumi na moja kutoka Edmonton hadi Ekalaka

Mtu mwenye paji lililochomoza tunasema ana komwe. Basi kuna jamii nzima ya dinosaria walao mimea waliokuwa na komwe la mfupa mtupu. Mkubwa wao, Pachycephalosaurus, alikuwa na urefu wa mita 4.5 hivi, na unene wa mfupa juu ya ubongo wake ulifika karibu sentimita 25. Mdogo anayejulikana zaidi, Stegoceras, hakuzidi sana mita 2. Wote walitembea kwa miguu miwili. Wamepatikana Asia na Amerika Kaskazini tu, katika miamba ya Kretasia, zama za mwisho za dinosaria.

Safari hii ilipita Alberta, Kanada, na Montana, Marekani, kati ya Juni na Julai. Tumeiandika upya kutoka kwenye daftari na picha. Anayefuata njia hii ajue mapema kwamba hatakuta mifupa mizima imesimama kila kituo. Mwili wa wanyama hawa ulikuwa mwepesi na ulioza au kutawanyika. Kilichobaki mara nyingi ni komwe peke yake, kama jiwe la ukubwa wa ngumi. Safari ni ya kujifunza kulisoma jiwe hilo.

Siku ya 1, Jumatatu: Edmonton

Asubuhi ilienda kwenye gari. Tulikodi gari dogo la juu kidogo kwa dola 68 za Kanada kwa siku. Lilikuwa na tairi la akiba lakini halikuwa na jeki, na kupata gari jingine kulichukua saa mbili. Fungua buti kabla hujasaini: barabara za changarawe za safari hii hazina huruma.

Makumbusho ya visukuku ya Chuo Kikuu cha Alberta yako ndani ya jengo la sayansi ya dunia na anga. Hayana kiingilio, ila panga kwenda siku za kazi. Chuo hiki ndicho kinachohifadhi kielelezo kinachoitwa UALVP 2: fuvu la Stegoceras karibu zima pamoja na sehemu ya mifupa ya mwili. Kilikusanywa na mchimbaji wa visukuku George F. Sternberg mwanzoni mwa miaka ya 1920, na mtafiti Charles Gilmore akakieleza mwaka 1924. Hadi leo, karibu kila mchoro wa mnyama mwenye komwe unaouona umeazima kitu kutoka kwake.

Kielelezo chenyewe huwekwa kwa ajili ya utafiti. Anayetaka kukiona aandike mapema na awe na sababu ya kitaaluma. Lakini habari zake zinafaa kujulikana kabla ya kuendelea na safari, maana zina makosa mawili yenye mafunzo. Gilmore aliona meno yake madogo yenye kingo za msumeno, akayafananisha na jino la Troodon lililopewa jina mwaka 1856, akamwita mnyama huyu Troodon. Jino lile lilikuwa la mla nyama. Ilichukua hadi 1945 kwa Charles M. Sternberg, nduguye George, kuwatenganisha na kuipa familia ya makomwe jina lake, Pachycephalosauridae. Kosa la pili: palikuwa na vifupa vyembamba vingi ambavyo Gilmore alidhani ni mbavu za tumboni. Baadaye uchunguzi wa jamaa zake wa Mongolia ulionyesha kuwa ni kano za mkiani zilizogeuka mfupa na kusukana kama kikapu.

Chakula cha usiku kilikuwa wali na maharage tuliyopika wenyewe. Malazi dola 115.

Siku ya 2, Jumanne: Edmonton hadi Drumheller, km 280 hivi

Nyanda, ngano, nyanda tena. Halafu ardhi inapasuka ghafla, na bonde la mto Red Deer liko miguuni pako, tabaka juu ya tabaka la udongo wa kijivu, kahawia na mweusi wa makaa ya mawe.

Tuliacha barabara kuu ili tuvuke kwa pantoni ya Bleriot, inayovutwa kwa kamba ya chuma na haitozi senti. Hubeba magari machache kwa zamu. Mwendeshaji wake, alipoona ramani yetu imejaa alama, alituonyesha kwa kidole tabaka za ukingoni: ule mstari mweusi ni makaa, ule mchanga ulio juu yake ni mto wa zamani. Akatuambia tusimame kilima cha pili, si cha kwanza, kwa picha nzuri. Alikuwa na haki.

Makumbusho ya Royal Tyrrell yako km 6 kutoka mjini. Yalifunguliwa mwaka 1985. Kiingilio cha mtu mzima ni zaidi ya dola 20. Fika mlango unapofunguliwa. Saa tano asubuhi mabasi ya shule yanajaa. Wageni hukimbilia Black Beauty, yule Tyrannosaurus mwenye mifupa myeusi. Anayefuata makomwe akae kwanza kwenye dirisha la karakana, ambako mafundi husafisha visukuku mbele ya watu.

Tulikaa pale saa nzima na nusu. Fundi anatumia kalamu ya upepo: sindano ngumu inayogongagonga kwa kasi kwa nguvu ya hewa iliyobanwa. Anaishika kwa mshazari, haielekezi kamwe moja kwa moja kwenye mfupa, na anafuata mpaka ambapo mwamba unabanduka wenyewe. Mfupa ukionyesha ufa, husimama na kudondoshea gundi nyepesi ya Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni. Nyepesi maana yake karibu maji, asilimia chache tu, ili inywewe hadi ndani. Ukianza na gundi nzito, inaganda juu kama ngozi ya maziwa, ndani kunabaki unga, na siku kipande kikiguswa kinavunjika chini ya ile ngozi. Uzuri wa Paraloid ni kwamba inaweza kuyeyushwa tena kwa asetoni fundi akigundua amekosea. Gundi za kukauka papo hapo hazisamehi hivyo.

Komwe lenyewe ni kazi rahisi kwa fundi, kwa kuwa ni gumu. Taabu iko pembezoni, kwenye rafu ya mfupa inayozunguka kisogo yenye vinundu. Hiyo huvunjika mtoni kabla ya kuzikwa, na ndiyo yenye alama nyingi za kutofautisha spishi.

Siku ya 3, Jumatano: hadi Dinosaur Provincial Park, km 170

Jaza mafuta na maji mjini Brooks. Hifadhi iko km 48 kutoka pale na hakuna kituo cha kutegemea katikati. Brooks ina kiwanda kikubwa cha nyama, na wahamiaji kutoka Afrika ni wengi. Dukani tulisikia Kiswahili nyuma yetu, cha mama mmoja aliyekulia Nairobi. Tulimwamkia, na kabla mazungumzo hayajafika mbali alikwisha kututilia sambusa kumi kwenye mfuko. Alikataa pesa. Onyo lake lilikuwa moja: mvua ikinyesha, msiondoke kwenye lami.

Alijua alichosema. Udongo wa makorongo haya una bentonaiti, majivu ya kale ya volkano. Ukikauka unapasuka na kuvimba kama bisi. Ukilowa unanywa maji, unavimba, unateleza kama sabuni na kunata kwenye tairi hadi tairi ligome kuzunguka. Hata kwa miguu ni hatari: soli inabeba kilo ya tope kila upande.

Usiku tulilala hemani ndani ya hifadhi. Chakula tulikipata Patricia, kijiji kilicho karibu, kwenye hoteli ambapo unachagua kipande cha nyama na kukichoma mwenyewe jikoni kwao. Bei si ndogo, lakini ukizoea nyama choma utafurahi kuwa moto uko mikononi mwako.

Siku ya 4, Alhamisi: makorongoni

Hii ndiyo siku iliyobeba safari.

Hifadhi hii iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1979. Miamba yake yenye visukuku ina umri wa miaka milioni 76 hadi 75 hivi. Njia fupi za miguu ni huru kwa kila mgeni, lakini sehemu kubwa ya makorongo huingiwi bila mwongozaji. Nafasi za matembezi huanza kuuzwa miezi kabla na hujaa. Usifike Julai ukitegemea bahati. Beba lita 3 za maji kwa kila mtu. Joto hupita nyuzi 35, kivuli hakuna, na kuna nyoka wa njuga, kwa hiyo usitie mkono chini ya jiwe usiloliona upande wa pili.

Saa ya pili ya matembezi, mwongozaji alipiga goti kwenye mkondo mkavu akaokota kitu kama limau kubwa, rangi ya kahawia. Karibu yake yalilala mawe ya chuma mengi ya umbo na rangi ileile. Alitufundisha kuyatenganisha hivi. Jiwe la chuma ni la aina moja pande zote, na ukilivunja ndani ni laini au lina maganda kama kitunguu. Komwe lina juu na chini. Juu palikuwa pamesuguliwa na mto wa kale, pakang'aa. Chini palikuwa na bonde dogo la mviringo lenye kingo safi: dari la chumba cha ubongo. Ubavuni, palipovunjika, nyuzi za mfupa zilitoka ndani kwenda nje zikifunguka kama njiti za ufagio wa chelewa. Ukilowesha ncha ya kidole na kugusa pale palipovunjika, mfupa wenye vitundu unanyonya na kidole kinanata kidogo; jiwe la chuma halifanyi hivyo.

Alituonyesha pia mstari hafifu wa mshono, pale ambapo mfupa wa paji ulikutana na mfupa wa utosi. Kwa mtoto mishono hii huwa wazi na utosi ni bapa. Mnyama akikua, mifupa ya paji na utosi inavimba pamoja na kuungana, mishono inafutika, na uvimbe unaenea hadi kumeza kingo. Kwa hiyo kipande kimoja kama hicho kinakwambia umri kabla hakijakwambia spishi.

Kisha akakirudisha palepale, upande uleule juu. Alipiga picha yenye rula na kuandika mahali penyewe kwa vipimo vya satelaiti (GPS). Hilo ndilo la kufanya popote Alberta. Visukuku ni mali ya umma. Ndani ya hifadhi huondoi hata kipande cha ukubwa wa kucha, na hata ulichookota juu ya ardhi binafsi kwa ruhusa ya mwenyewe hakitoki nje ya jimbo bila kibali cha serikali. Sababu ni ya kisayansi pia: komwe likiondolewa bila kujua limetoka tabaka lipi, linabaki jiwe zuri la kuweka mezani.

Mtafiti Lawrence Lambe alipompa Stegoceras jina mwaka 1902, alikuwa na makomwe matupu kutoka bonde hili hili, bila fuvu, bila mwili. Jina maana yake ni paa la pembe. Alikuwa na vipande viwili tu mkononi, kama hicho tulichokiona kikirudishwa mchangani.

Siku ya 5, Ijumaa: Milk River na mpaka

Kusini kabisa mwa Alberta miamba ni ya zamani zaidi, miaka milioni 85 hivi. Huku ndiko alikotoka komwe mwingine, Acrotholus audeti, aliyetangazwa mwaka 2013. Komwe lake moja lilikuwa limekaa makumbushoni Toronto zaidi ya miaka 50. Jingine bora zaidi lilipatikana mwaka 2008 kwenye ardhi ya mfugaji Roy Audet, ndiyo maana ya jina. Mnyama mwenyewe alikuwa na urefu usiofika mita 2, lakini mfupa wa paji ulizidi sentimita 5. Yaani katika historia ya jamii hii unene ulianza mapema, wanyama wenyewe wakiwa bado wadogo wa mwili.

Tulivuka Coutts kuingia Sweetgrass. Saa moja na dakika kumi, nyingi zikiwa za foleni ya malori. Mwenye pasipoti za kwetu Afrika Mashariki anahitaji viza ya Marekani hata kama ana ukaazi wa kudumu wa Kanada. Ombi lake huchukua miezi. Fomu ya I-94, ya kumbukumbu ya kuingia Marekani, ijaze na kuilipia mtandaoni kabla, itakupunguzia kusimama. Kagua mifuko ya suruali na buti za kupandia: kipande cha mfupa kilichosahauliwa mfukoni hapa ni kosa la kisheria. Mafuta upande wa pili huuzwa kwa galoni, lita 3.785, na ni nafuu kuliko Kanada.

Kulala Great Falls, dola 94 za Marekani.

Siku ya 6, Jumamosi: Bozeman

Makumbusho ya Rockies yako ndani ya eneo la Chuo Kikuu cha Jimbo la Montana. Andaa karibu dola 20. Nenda moja kwa moja kwa mafuvu ya Triceratops, dinosaria mwenye pembe tatu, yaliyopangwa kwa umri. Pembe za mtoto zinapinda nyuma, za mkubwa zinapinda mbele. Ukiona kwa macho kwamba kichwa cha mnyama mmoja kinaweza kubadilika kiasi hicho, utaelewa hoja ambayo Jack Horner wa makumbusho haya na Mark Goodwin waliitoa mwaka 2009.

Hoja yao ilihusu majina matatu. Dracorex, aliyepewa jina mwaka 2006, ana kichwa bapa na miiba mirefu kisogoni. Stygimoloch, wa mwaka 1983, ana komwe dogo na miiba mirefu zaidi. Pachycephalosaurus ana komwe kubwa, na mahali pa miiba kuna vinundu butu. Wao walisema ni mnyama mmoja: mtoto, kijana na mkubwa. Mfupa unajengwa utosini huku miiba ikiliwa na mwili na kupungua. Wengi wamekubali kwamba Dracorex ni mtoto. Kuhusu Stygimoloch bado wapo wanaoona anastahili jina lake. Kwetu sisi, baada ya kuona mishono Alhamisi, hoja ya ukuaji ina uzito mkubwa.

Na je, walipigana vichwa? Haya ndiyo mabishano marefu kuliko yote. Goodwin na Horner walikata makomwe vipande vyembamba mwaka 2004 wakaona zile njiti za ufagio ni za umri mdogo, zinapungua mnyama akikomaa. Wakasema haziwezi kuwa springi za kupokea kishindo. Mwaka 2011 Eric Snively na Jessica Theodor walipitisha UALVP 2 kwenye skana ya eksirei na kulilinganisha na wanyama walio hai. Lilikaribia sana kondoo wa milimani na funo mwenye tumbo jeupe wa misitu ya Kongo: ganda gumu nje, sponji chini yake. Mwaka 2013 Joseph Peterson na wenzake walikagua makomwe 109, asilimia 22 yakawa na vidonda vya mfupa, vingi juu ya kuba, mahali kishindo kingetua. Vichwa bapa havikuwa navyo. Funo wetu wanapogombana hupigana vichwa, kwa hiyo ushahidi huu tunauona ndio wenye nguvu, mradi mtazamaji asichanganye kidonda na tundu lililochimbwa na maji.

Hapa tulimkumbuka Majungatholus wa Madagaska. Mwaka 1979 mfupa mnene wa paji ulitangazwa kuwa wa jamii ya makomwe, wa kwanza kusini mwa ikweta. Karibu miaka ishirini baadaye fuvu bora lilichimbwa: kumbe ni mla nyama, yule tunayemwita sasa Majungasaurus. Unene peke yake hautoshi.

Siku ya 7, Jumapili: barabara kuu hadi Miles City, upepo mkali, hakuna la kuandika.

Siku ya 8, Jumatatu: Ekalaka

Kutoka Baker, barabara namba 7 inakwenda kusini km 56. Kabla ya kufika simama Medicine Rocks, nguzo za mawe ya mchanga zilizotobolewa na upepo kama mandazi. Mchanga huo ulitua baada ya dinosaria kutoweka. Ukiendelea mbele, unateremka kuingia miamba ya Hell Creek, siku zao za mwisho.

Ekalaka ni mji wa watu mia nne hivi. Makumbusho yake ya kaunti yalianzishwa mwaka 1936, na ndiyo ya kwanza ya aina hiyo Montana. Huingii kwa tiketi. Kuna sanduku la michango, na tafadhali liwekee kitu. Kuna mifupa ya Edmontosaurus, dinosaria mwingine mla mimea, iliyosimamishwa, na kona ya Pachycephalosaurus, maana huyu ni wa nyumbani: fuvu kamili la sentimita 65 ambalo Barnum Brown na Erich Schlaikjer walilieleza mwaka 1943 na kumpa mnyama jina lake lilipatikana kwenye ranchi ya familia ya Winkley karibu na hapa. La asili liko New York; hapa unaona nakala.

Kaa na uliangalie kwa ubavu. Pua ni fupi imejaa vinundu vyenye ncha, tundu la jicho linatazama mbele kiasi, na juu ya jicho mfupa unaanza kupanda hadi unakuwa mzito kuliko uso wote ulio chini yake. Chumba cha ubongo kiko chini kabisa, kidogo, kama chungu kilichofunikwa na mwamba.

Sheria za Montana si za Alberta. Kisukuku kwenye ardhi binafsi ni cha mwenye ardhi ya juu. Kwenye ardhi ya serikali kuu, mfupa wowote wa mnyama mwenye uti wa mgongo unahitaji kibali. Mipaka haina uzio wa kueleweka, kwa hiyo piga hodi kwanza.

Siku ya 9, Jumanne

Mvua ilianza alfajiri. Tulikuwa km 9 ndani ya barabara ya udongo, kwa ruhusa ya mfugaji mmoja, na gari likazama mita 40 kabla ya changarawe. Tulitumia makapeti ya gari chini ya matairi; yakamezwa. Mfugaji alikuja na trekta bila kuitwa, alikuwa ameona taa. Alifunga mnyororo kwenye kitanzi cha nyuma, akavuta polepole kwa gia ya chini bila kutikisa, maana kutikisa ndiko kunakong'oa kitanzi. Kisha akatuleta jikoni kwake, kahawa na mayai, tukasubiri hadi saa tisa udongo uanze kupasuka. Alikataa malipo, alichotaka ni tusipite tena hadi pakauke, ili tusimharibie njia.

Siku ya 10 na 11: kurudi kaskazini, zaidi ya km 1,200. Jumla ya safari km 3,150, mafuta lita 290 hivi. Kuosha tope chini ya gari kulituchukua dakika 40 za maji ya presha; lioshe kabla hujalirudisha, kwa sababu likikauka kwenye breki linakuwa tofali.